Kabla ya kushika nyundo: mwongozo wa kifusi na mabaki ya ujenzi

Miaka michache iliyopita tulibomoa nyumba ya zamani Walukuba, hapa Jinja, Uganda, na mwenye lori dogo la Elf akatuambia anajua pa kumwaga kifusi. Tukampakilia, tukamlipa, akaondoka jioni. Hatukumwuliza ni wapi. Wiki mbili baadaye mvua ya Aprili ilinyesha usiku kucha. Asubuhi mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa) wa kijiji cha bondeni akaja saiti na kipande cha ukuta mkononi, kimepakwa rangi ya kijani, ile ile ya nyumba tuliyobomoa. Mtaro ulikuwa umeziba. Mama mmoja anayekaanga mandazi kando ya barabara maji yalimwingilia ndani mpaka magotini, na unga wake wote ukaloa. Mwenyekiti hakupiga kelele. Aliweka kile kipande juu ya meza yangu akasema, "Fundi, hiki ni chenu."

Mtaro tuliuzibua kwa sepeto na majembe siku mbili, na unga wa yule mama tukaulipa. Haya ninayoyaandika ni utaratibu ninaoufuata tangu siku hiyo, kwa yeyote anayejenga, kukarabati au kubomoa katika miji yetu, na kwa viongozi wa mtaa wanaoletewa lawama kila mvua inaponyesha. Ukiufuata, utashangaa jinsi kinachobaki cha kupelekwa jalalani kilivyo kidogo. Matofali, mawe, nondo, mabati na mbao vina wenyewe wanaovihitaji. Vinakosa thamani siku vinapokorogwa pamoja na vioo, makaveera (mifuko ya plastiki) na mabaki ya rangi, kwa sababu hakuna atakayelipwa kuja kuvichambua.

Na majalala yetu hayana nafasi ya kuchezea. Jalala la Kiteezi, lililopokea taka za Kampala tangu 1996, liliporomoka tarehe 10 Agosti 2024 baada ya mvua kubwa, likafunika nyumba na watu waliokuwa ndani. Waliokufa walizidi 30. Kila tripu ya kifusi inayopelekwa kwenye jalala la taka za nyumbani inachukua nafasi ambayo haikuwa na haja ya kuchukuliwa.

Hatua ya kwanza: anzia ofisini

Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 inataka kila kazi ya ujenzi iwe na kibali cha kamati ya ujenzi ya wilaya, jiji, manispaa au mji wako. Wengi wanajua hivyo kwa kujenga, wakija kubomoa wanadhani ukuta ni wao na nyundo ni yao. Usibomoe bila ruhusa. Nenda ofisi ya divisheni (kwa Kampala, divisheni ziko tano: Central, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga, kwa Jinja ziko mbili, Kusini na Kaskazini) na uonane na watu wawili, mhandisi na afisa mazingira. Waulize maswali haya, na uandike majibu palepale:

Kifusi safi cha matofali na zege kinapokelewa wapi kwa sasa? Kuna barabara au uwanja wa umma unaohitaji kujazwa? Taka zilizobaki zinapelekwa jalala gani, na nani ana leseni ya kuzibeba?

Swali la barabara ndilo watu hulisahau, nalo ndilo lenye faida kubwa. Mara nyingi mhandisi anatafuta kitu cha kujazia mashimo ya barabara ya kijijini kabla ya kumwaga maramu (udongo wa changarawe) juu, na hana bajeti. Wewe una tani kumi za matofali yaliyovunjika. Mkiongea mapema, mnaweza kukuta lori la divisheni linakuja kukuchukulia.

Ukitoka hapo pita kwa mwenyekiti wa LC1, yaani LC ya kijiji. Mwambie siku utakayoanza, siku utakayomaliza, na lori litapita njia gani. Akijua mapema anakuwa upande wako jirani anapolalamika vumbi.

Hatua ya pili: tafuta hatari kabla hujavunja chochote

Zunguka jengo lote mchana, na mtu mmoja mwenye macho makali. Kitu cha kwanza cha kutafuta ni asbesto. Nyumba nyingi za zamani za taasisi, shule na nyumba za wafanyakazi ziliezekwa kwa shiti za kijivu zenye mawimbi, nene kuliko bati, zisizopata kutu, na ukizigonga kwa kidole zinatoa sauti ya kitu cha udongo. Ukiziona, simamisha kazi. Usizivunje, usizikate kwa msumeno, usizitupe chini kutoka juu ya kenchi. Nyuzi zake hazionekani kwa macho, zinaingia mapafuni na kukaa humo, na ugonjwa unaweza kujitokeza baada ya miaka 20 au zaidi, wakati kibarua uliyempandisha juu ya paa ameshasahau hata jina lako. Hizi ni taka za hatari. Mwite afisa mazingira wa wilaya au jiji akuelekeze kwa mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ya kuzishughulikia. Atazilowesha kwa maji, atazishusha nzima, atazifunga ndani ya plastiki nene na kuzipeleka zinapokubaliwa kuzikwa. Nimeona watu wakizigeuza uzio wa banda la kuku. Naomba sana, usifanye hivyo, na usimpe mtu bure hata akikubembeleza.

Kisha angalia: mikebe ya rangi na vimumunyisho, taa ndefu za tyubu (ndani yake mna zebaki), betri za sola, na mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, ambazo mara nyingi zina rangi ya kijani iliyofifia. Viweke mbali, penye kivuli, visiguse udongo. Hakikisha umeme na maji vimekatwa na wenye mamlaka navyo. Usimwachie kazi hiyo mtoto wa saiti mwenye koleo ya kukatia waya.

Hatua ya tatu: pima mzigo

Kubahatisha ndiko kunakoleta malori ya usiku. Chukua ukuta wa inchi tisa wenye urefu wa mita 10 na kimo cha mita 2.5. Ujazo wake ukiwa umesimama ni kama mita za ujazo 5.75. Ukiuangusha, vipande vinaacha nafasi katikati, na lundo linavimba mara moja na nusu hivi, kwa hiyo utakuwa na karibu mita za ujazo 8.6. Wilbaro iliyojaa vizuri hubeba lita 60 hadi 65, maana yake ni kama wilbaro 140. Kwa uzito unakaribia tani 10, yaani tripu tatu za Elf ya tani tatu na nusu, kwa ukuta mmoja tu! Ukiokoa nusu ya matofali yake, tripu zinashuka kuwa mbili au pungufu. Fanya hesabu hii kwa kila ukuta, kisha ndipo uongee na mwenye lori. Fundi aliyepima hadanganywi bei.

Hatua ya nne: bomoa kwa kurudi nyuma alikotoka fundi aliyejenga

Kilichowekwa mwisho kitoke kwanza. Milango, madirisha na fremu, nyaya, swichi na mabomba, dari, mabati, kenchi, halafu kuta, kutoka juu kwenda chini, safu kwa safu. Kusukuma ukuta mzima uanguke ni kazi ya dakika tano inayozaa kazi ya siku tano, na imeua vibarua. Mwagia maji ukuta unaobomolewa ili vumbi lisipande, kila mtu avae gambuti na kitambaa au barakoa puani, na watoto wakae nje ya uzio.

Hatua ya tano: mafungu chini

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo nakuomba uwe mkali. Kabla ya kubomoa, piga vigingi na uvute kamba, ugawe uwanja. Ukikosa nafasi, tumia mifuko ya simenti ya nailoni iliyofumwa, ukiandika kwa chokaa kilichomo. Mimi hutenga mafungu sita: matofali mazima, vipande vya matofali pamoja na mawe na zege, chuma, mbao, mabati na fremu, na mabaki. Vioo huenda kwenye pipa lake peke yake, kwa sababu kibarua akikatwa mguu siku ya kwanza hatarudi ya pili.

Tofali zima usilitupe kwenye fungu kwa kulirusha. Ukuta uliojengwa kwa udongo au chokaa, kama zilivyo nyumba nyingi za zamani za mji huu, matofali yake yanaachana yenyewe ukigonga kiungo kwa nyundo ndogo. Yaliyoshikwa na simenti kali yanahitaji tindo na subira, na mengine yatavunjika tu. Kwa kuchambua mazuri, chukua mawili, moja kila mkono, uyagonganishe. Lililoiva hulia mlio mkavu, kama kikombe cha kauri kikigongwa na kijiko. Lisiloiva au lenye ufa hutoa mshindo mzito uliofifia, na ukilikwaruza kwa ukucha linaacha unga mwekundu kidoleni. Tuliwahi kuwa na mzee mmoja aliyekaa juu ya debe lililogeuzwa, matofali kulia kwake na nyundo mapajani, akigonga na kusikiliza kutwa. Jioni alikuwa amepanga 400, na kati yake sikuona hata moja bovu.

Chuma. Nondo iliyotolewa kwenye zege huwa imejikunja na kupata makovu. Usiinyooshe kuirudisha kwenye nguzo au boriti ya nyumba mpya. Chuma kilichokunjwa na kunyooshwa kinachoka pale kilipokunjika. Iuze kwa kilo kwa wanunuzi wa skrapu. Tanuri za kuyeyushia chuma ziko hapa hapa Jinja, na soko lake halilali. Ila omba risiti, na umwombe mwenyekiti wa LC barua fupi inayosema chuma hiki kimetoka kiwanja gani. Wezi wa mifuniko ya mitaro na nyaya za umeme wamefanya kila anayebeba skrapu asimamishwe, na barua hiyo itakuokolea siku nzima kituoni.

Mbao: ng'oa misumari yote, uinyooshe juu ya jiwe kama bado ina nguvu. Mbao nzima zinafaa fomu za kumwagia zege. Mikaratusi ya jukwaa la fundi isirudi juu kama ina ufa. Zilizobaki ni kuni, isipokuwa zile za dawa na za rangi. Moshi wa mbao zilizotiwa dawa unaweza kuwa na aseniki, na majivu yake pia, kwa hiyo zisiende kwa mama lishe wala kwenye tanuri la matofali.

Mifuko ya simenti, makaveera ya kufungia vigae na mabomba ya plastiki yaliyovunjika: usichome. Najua ndivyo inavyofanyika saiti nyingi kila jioni. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea iliyo nyembamba chini ya maikroni 30, lakini saiti bado zimejaa plastiki za kila aina. Kusanya, kung'uta vumbi, weka pakavu, uwape wanaonunua plastiki kwa kilo.

Hatua ya sita: tumia kabla ya kutoa

Vipande vya matofali na zege vinafaa chini ya sakafu, na kwa kazi hiyo vinakuokolea pesa ya mawe. Vunja viwe saizi ya ngumi. Panga tabaka la sentimita 15, mwagia maji, shindilia mpaka visicheze ukikanyaga kwa kisigino, kisha funika kwa mchanga au maramu nyembamba kabla ya zege. Vipande vidogo zaidi vichekeche uvitumie kwenye njia ya kupita wilbaro, kwenye sehemu ya kuegesha pikipiki, au kuzunguka bomba la maji panapotota.

Kokoto ya matofali usiiweke kwenye nguzo, boriti wala slabu. Tofali hunywa maji, fundi anaongeza maji kwenye mchanganyiko, na zege linapoteza nguvu. Usizike jipsamu ya dari chini ya sakafu pia. Ikilowa, chumvi zake zinaishambulia simenti, sakafu inavimba na kupasuka. Hii nimeiona duka moja, ufa ulipita mpaka chini ya kaunta.

Na maji ya kuoshea mchanganyiko na karai yasiende mtaroni. Maji ya simenti ni makali kiasi cha kuchoma ngozi, na kwenye mto yanaua samaki. Chimba shimo, tandika kaveera nene, oshea humo. Asubuhi simenti imeganda chini. Ivunje iwe kokoto.

Hatua ya saba: lori na karatasi

Kanuni za Usimamizi wa Taka za 2020 zinamtaka anayesafirisha taka awe na leseni, na aliyezalisha taka hawezi kunawa mikono kwa sababu tu amemlipa dereva. Kipande kile cha kijani kilinifundisha hilo kabla sijaisoma sheria.

Andika karatasi fupi kwa kila tripu: tarehe, namba ya gari, mzigo ni nini, umetoka wapi, unakwenda wapi, sahihi ya dereva, na nafasi ya sahihi ya anayepokea. Lipa nusu wakati wa kupakia. Nusu ya pili ilipwe karatasi inaporudi na sahihi ya mpokeaji. Sijapata njia nyingine inayofanya kazi kama hii. Dereva anayekataa masharti hayo anakuambia mwenyewe anakokwenda kumwaga. Funika mzigo kwa turubai, na usiruhusu tripu yoyote baada ya jua kuzama.

Kama jirani au mwenye kiwanja anaomba kifusi cha kujazia, nenda ukaone mahali hapo kwa macho yako. Ukiona mafunjo, maji yaliyosimama au udongo mweusi unaozama mguu, hapo ni kinamasi, na kujaza ni kosa hata kama mwenyewe ana hati. Kwa Ziwa Victoria eneo linalolindwa ni mita 200 kutoka ukingoni. Kwa mito midogo ni mita 30. Hapa Jinja tuna kinamasi cha Kirinya, ambacho mafunjo yake yanachuja maji yaliyotoka kwenye mabwawa ya maji taka kabla hayajaingia ziwani, na ziwa hilo ndilo tunalokunywa. Kampala maji ya mtaro wa Nakivubo yanaishia kwenye ghuba ile ile ambako mtambo wa Gaba unachota maji ya kunywa ya jiji. Kifusi kilichomwagwa kwenye mafunjo hakirudi nyuma.

Usikipeleke kiwanda cha mboji pia. Jinja, Mbale, Lira, Soroti, Kasese, Fort Portal na miji mingine kadhaa ilijengewa viwanda vya kugeuza taka za sokoni kuwa mbolea. Kioo kimoja kikiingia kwenye lundo la maganda ya ndizi, mkulima hatainunua mbolea hiyo tena.

Kwa mwenyekiti na watu wa divisheni

Nawaomba mambo matatu, na hayahitaji mfadhili.

La kwanza, tengeni sehemu moja tambarare, mbali na mtaro na kinamasi, iwe ya kuwekea kifusi safi kwa muda. Wekeni mtu wa lango na daftari. Kisichochambuliwa kirudi na lori lake. Mtu wa mtaa mwenye nyufa au tope mbele ya nyumba aruhusiwe kuchukua wilbaro zake bure, na siku ya bulungi bwansi (kazi ya pamoja ya kijiji) lundo litumike kwenye njia za kijiji.

La pili, mhandisi anapotoa kibali, aandike humo humo kifusi kitakwenda wapi, na cheti cha kuruhusu watu kuingia ndani ya jengo kisitoke mpaka karatasi za lori zionekane. Mwenye nyumba akijua mwisho wake utakaguliwa, ataanza vizuri.

La tatu ni kuhusu wanaookota. Vijana na akina mama wanaopita na magunia kuchukua chuma na plastiki wanafanya kazi ya divisheni bila mshahara. Waandikeni majina, muwape glavu, muwapangie siku ya kuingia saiti. Wakifukuzwa kama wezi watakuja usiku, na usiku hakuna anayechambua chochote.

Siku ya kufunga kazi

Fagia barabara yote lilikopita lori, okota misumari (sumaku ya spika mbovu iliyofungwa kwenye kamba inafanya kazi hiyo kwa dakika chache), na uzibue mdomo wa mtaro ulio mbele ya kiwanja. Hifadhi karatasi za tripu pamoja na kibali. Halafu subiri mvua kubwa ya kwanza. Ikishanyesha, vaa gambuti, ushuke mpaka bondeni maji yanakokwenda, usimame pale darajani uangalie yanavyopita. Mimi hushuka mpaka kwa yule mama wa mandazi, nanunua mawili, na namwuliza kama usiku amelala pakavu.